Kikaushio cha Rangi ya Parachichi

Ukitaka kununua mashine kuukuu ya kufulia, usianze kwa kuitazama. Rangi hudanganya, na anayeuza huwa ameshaipangusa kabla hujafika. Ingiza mkono ndani, zungusha pipa taratibu, usikilize. Likikwaruza, beringi zimeisha, na beringi zinapatikana. Likizunguka kilaini mno, mkanda umekatika, nao unapatikana. Kisha lala chini, mulika kwa simu, uangalie kutu kwenye miguu. Ukikosea mara ya kwanza usikate tamaa. Mimi nilikosea sana, na bado nyumba yangu ya Kagugu ilijaa.

Ilijaa mashine, namaanisha.

Kigali si watu wengi wanaohangaika na vitu hivi. Nguo zinafuliwa uani kwa mikono, kwenye beseni, na mwenye fedha ya mashine ananunua mpya. Zile za zamani, nzito kama makabati, zililetwa na familia za kigeni, masista na wenye hoteli ndogo. Wenyewe walipoondoka, mashine zilibaki stoo, zikawa mahali pa kuwekea viatu au gunia la mchele. Nilipostaafu kufundisha fizikia nikaanza kuzitafuta. Nilizifungua, nikazisafisha, nikazipanga barazani. Jirani yangu wa ng'ambo ya barabara aliniuliza kama nafungua hoteli. Nikamwambia ndiyo, ila bado natafuta wageni. Alicheka, akaingia kwake, akafunga geti.

Nililelewa Karagwe, upande wa Tanzania, na Kinyarwanda changu bado kina lafudhi ya huko. Nikisalimia dukani najibiwa kwa ule upole anaopewa mgeni. Nyumbani tulizungumza Kiswahili, mke wangu na mimi. Alipofariki, sikuwa na mtu wa kuzungumza naye Kiswahili. Binti yetu yuko Kanada. Hupiga simu Jumapili, na simu ikikatika nyumba inakuwa kimya kuliko ilivyokuwa kabla haijalia.

Mtu pekee aliyekuwa akija na kukaa alikuwa mwanamke mmoja wa Biryogo, mtaa wa Kigali ambako Kiswahili bado kinazungumzwa, dobi na mtoto wa dobi, mjane kama mimi. Naye alikusanya mashine za zamani. Tulikutana kwenye mnada wa vitu vya nyumba iliyokuwa ikihamwa huko Kinyinya, sote wawili tukiwa tumelala chini ya mashine moja, yeye upande wake na mimi wangu, tukitafuta kutu.

"Wewe ni fundi?" aliniuliza kutoka chini kule.

"Mwalimu."

"Basi inuka, mwalimu. Hii si ubao."

Mashine aliichukua yeye. Lakini baada ya hapo tulianza kubadilishana, na hapo ndipo nilipojifunza sheria yake. Aliirithi kwa baba yake, aliyekuwa akibadilishana pasi za mkaa na madobi wenzake, na nitaieleza vizuri kwa sababu kila kitu kinategemea hiyo. Mashine haihesabiwi kuwa imetoka mkononi mwako mpaka ifue nguo yako kwenye nyumba ya anayeichukua. Unaifuata mashine ukiwa na nguo moja kutoka kwako. Inafuliwa, nyote wawili mkikaa na kusikiliza mpaka mwisho, bila kuondoka, kwa sababu mashine yenye kasoro huificha hadi kwenye kukamua. Kisha nguo inaanikwa kwenye kamba ya mwenyeji, na wewe unakwenda zako. Ikikauka, unarudi kuichukua. Siku hiyo ya kurudi ndiyo mwenye mashine mpya anasema lolote alilogundua, na mkimaliza kuzungumza biashara imefungwa.

Kwa hiyo kila mashine ilikuwa na siku mbili. Alipochukua kwangu, nilikwenda Biryogo mara mbili. Nilipochukua kwake, alikuja Kagugu mara mbili, na alikaa barazani, kiti chake kikitazama barabara, geti likiwa wazi kabisa ili majirani waone kila kitu na wasibuni chochote. Alikunywa chai. Alikicheka Kiswahili changu, akisema ninazungumza kama taarifa ya habari. Mimi nilimweleza mambo ya umeme, na alinivumilia.

Tatizo la biashara ya namna hiyo ni kwamba mashine zinaisha. Familia zinazohama siku hizi huacha mashine za plastiki. Mwisho wa mwaka jana hakukuwa na kitu nilichokuwa nacho ambacho yeye alikitaka, isipokuwa kimoja, na hicho nilikwishamnyima mara nyingi. Kilikuwa kikaushio cha Kimarekani, cha rangi ya kijani kama nyama ya parachichi iliyo karibu na ganda. Yeye alikuwa na mashine ya kufulia ya kiwanda hichohicho, rangi hiyohiyo. Zilitengenezwa zikae pamoja.

"Mwalimu, unamtenga mtu na mwenzake," alikuwa akiniambia.

"Ni cha mama watoto."

"Najua. Ndiyo maana ninauliza mara moja tu kwa kila ziara."

Mke wangu alipewa kikaushio hicho na familia aliyoifanyia kazi, walipokuwa wakirudi kwao. Alikitumia kwa ubahili. Nguo zilikauka juani kwanza, kisha aliziingiza humo dakika chache ili joto liue mayai ya wale inzi wanaotaga kwenye nguo mbichi, hasa za mtoto. Baada ya kuondoka kwake sikukiwasha tena. Nilipita kando yake kila siku nikienda jikoni, nikakigusa kwa kiganja kama mtu anavyogusa ukuta gizani.

Hesabu yangu ilikuwa rahisi, na haikunipendeza. Nikibaki nacho, hana sababu ya kuja. Nikimpa, nitakwenda kwake siku moja tu. Kikaushio hakihitaji kamba. Nguo inaingia mbichi, inatoka kavu, unaivaa, unaaga. Hakuna siku ya kurudi, na baada ya hapo hakuna kitu kingine cha kubadilishana. Wakati wa mvua za mwaka huu nilikaa wiki nyingi bila mtu kugusa geti langu, mpaka nikaanza kuwasha mashine tupu jioni ili kuwe na kitu kinachofanya kazi ndani ya nyumba. Mwisho nikaona heri siku moja.

Nikampigia. "Kile kikaushio, bado unakitaka?"

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi nitakupa ile ya kukamua kwa rola, niliyonunua kwa masista."

Sikuihitaji ile ya rola. Nikasema ndiyo.

Kabla ya kukisafirisha nilikisafisha. Kikaushio chochote kina chujio la kunasa manyoya ya nguo, na lazima lisafishwe, maana manyoya yakijaa joto halipati pa kutokea na nyumba inaweza kuungua. Nililivuta. Lilikuwa na tabaka laini la kijivu, kama blanketi la kitu kidogo sana, lenye nyuzi za buluu na za njano. Za njano nilizijua, zilikuwa za kanga ya mke wangu ya nyumbani. Kisha nikalikunja lile tabaka, nikalitia kwenye mfuko wa shati, nikarudisha chujio likiwa safi.

Nguo ya kupeleka niliichagua kwa elimu yangu yote. Nilichukua koti langu la kaki la pamba nzito, lenye bitana na mishono miwili miwili, ninalovaa asubuhi za umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa kila mwisho wa mwezi. Maji hujificha kwenye mishono. Nilijua ndiyo nguo ambayo ingekauka polepole kuliko zote nyumbani kwangu, na sikutaka kujiuliza sana kwa nini nimelichagua hilo.

Dereva wa pikapu alikitazama kikaushio kwa mashaka, na kile kioo chake cha mviringo mlangoni. "Mzee, hii friji iko na dirisha?"

"Si friji. Inakausha nguo."

Akatazama juu, jua likiwa limetoka kati ya mvua mbili. "Na ile pale inafanya nini?"

Kule Biryogo gari halikufika mlangoni kwake, vichochoro ni vya miguu. Mafundi cherehani waliacha cherehani zao wakatusaidia kukibeba, wakibishana njia nzima kama ndani kuna maiti au harusi. Mwenye kukipokea alisimama uani mikono kiunoni.

"Kiwekeni taratibu, hicho kina wenyewe," aliwaambia.

Kikakaa kando ya mashine yake. Kijani na kijani. Mafundi waliondoka, na yeye akapitisha kidole juu ya vifuniko viwili, kutoka kimoja hadi kingine. Mimi nilifunga transfoma, kwa sababu hita ya vikaushio hivi inakubali umeme wetu, lakini mota na saa yake vinataka nusu yake tu. Tulifua koti kwenye mashine yake. Likatoka zito. Akalitupa ndani ya kikaushio, akafunga mlango, nikazungusha swichi.

Kiliwaka. Nilikuwa nimeisahau sauti yake. Kina mngurumo wa chini, na vifungo vya koti viligonga pipa kwa mpangilio, na nilitazama chai aliyonimiminia kwa muda mrefu.

Naye aliniachia muda huo. Kisha akasema, "Eleza kitu, mwalimu. Ukinyamaza unanitisha."

Basi nikamweleza juu ya saa ya kikaushio. Saa za mashine hizi hazina akili yao wenyewe, zinahesabu mapigo ya umeme. Umeme wa Marekani unapiga haraka kuliko wa kwetu. Ndiyo maana saa ya Kimarekani ikija hapa inachelewa. Transfoma haiwezi kurekebisha hilo. Unaiwekea muda fulani, inakupa huo na nyongeza.

"Yaani hii yote," alisema, akionyesha kikaushio kwa kikombe, "inatuongezea muda?"

"Kidogo."

"Na ulijua?"

"Nilifundisha fizikia."

Alicheka akafunika mdomo kwa ncha ya mtandio. Tulizungumza juu ya baba yake na pasi zake, juu ya shuka za nyumba za wageni anazofua, ambazo mvua hii ilikuwa imemharibia zote, juu ya binti yangu. Aliniuliza mke wangu alikuwa mtu wa namna gani. Hakuwa amewahi kuuliza. Nikamwambia alikuwa anaimba wakati wa kukunja nguo lakini si wakati wa kufua. Aliitikia kwa kichwa kama dobi anayeielewa sababu. Adhana ya alasiri ilisikika, akaingia ndani kuswali, na mimi nikabaki nikiisikiliza mashine kwa niaba ya sote wawili, ili sheria isivunjike. Aliporudi bado ilikuwa ikizunguka.

Kisha ikasimama. Vifungo viligonga mara ya mwisho, pipa likatulia.

Niliinuka na kufungua mlango mwenyewe. Joto lilinipiga usoni. Nikalishika koti kwenye kola, kwenye mifuko, kwenye makwapa, nikaminya mishono miwili miwili niliyoitegemea. Lilikuwa kavu, lenye joto kama mkate uliotoka sasa hivi. Mashine ya mke wangu ilikuwa imefanya kazi yake bila kasoro. Nikampa koti kama sheria inavyosema, mwenyeji ndiye anayekagua.

Alilipima uzito. Akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole gumba juu ya bitana, polepole, kama mtu aliyeshika nguo za watu maisha yake yote. Akafika kwenye mshono wa bega, akakituliza kidole hapo.

"Bado," akasema.

Nikanyoosha mkono niguse.

"Hapa begani kuna ubichi. Wewe huwezi kuusikia." Akavuta kamba ya uani, akalibana koti kwa vibanio, kwapa moja baada ya jingine. "Na kikaushio nitakuwa na la kusema juu yake. Sijajua bado ni nini."

Ningeweza kueleza. Ningeweza kusema kwamba pamba ikiwa na joto la namna ile haiwezi kuwa na maji ndani yake. Nilichukua transfoma ya akiba niliyokuja nayo, nikaitia kwenye mfuko.

"Jumamosi ya umuganda utavaa nini?" aliuliza.

"Nina sweta."

"Vaa sweta."

Nilishuka kichochoro bila koti. Mafundi waliniuliza kama friji imekubali, nikasema imekubali. Nilipofika Kagugu mvua ilikuwa inaanza, na pale kikaushio kilipokuwa, sakafu ilikuwa na mraba safi, wenye rangi ya sementi iliyokuwa mpya. Ile ya rola ya masista ilikuwa bado haijaletwa. Nilitoa lile tabaka la manyoya mfukoni, nikaliweka dirishani, kisha nikakaa nikiisikiliza mvua. Huko Biryogo nayo ilikuwa lazima inanyesha. Nilimfikiria akiona matone ya kwanza uani, na kamba, na koti langu juu yake, na sikusikia hata kidogo hamu ya kumpigia simu kumwambia aliingize ndani.