Pole ya Paipu

Mama yangu alikuwa amelazwa hospitalini kule Kakamega, na mimi nilikuwa Nairobi nakata nyasi za watu wengine kuchezea gofu. Niliomba ruhusa niende nimwone. Nyapara akaniambia nisubiri mashindano ya Jumamosi yapite. Nikarudi kazini. Katika uwanja ule mwanamke aliyepewa mashine ya kukatia nyasi nilikuwa peke yangu, na wanaume walioimezea mate nilikuwa nawajua mmoja mmoja.

Simu zetu sisi waendesha mashine zilibaki stoo. Ndiyo sheria: ukiwa juu ya mashine macho yawe kwenye nyasi, na kila ukigeuza uangalie nyuma ulikotoka. Asubuhi hiyo niliangalia. Lakini kulikuwa na umande, na oili juu ya umande inang'aa tu kama umande wenyewe. Nilipoiona, paipu ya oili ya mashine ilikuwa imeshapasuka, na mchirizi umeikata grini, ile nyasi fupi ya kuzunguka shimo, kutoka upande wa miti hadi kwenye bendera ya shimo.

Oili ya mashine hutoka ikiwa ya moto. Inababua nyasi palepale, ila hutaona kitu siku hiyo; mstari wa kahawia hujitokeza baadaye, wakati huna la kufanya. Niliitoa mashine nje ya grini, nikaleta maji ya sabuni ya vyombo na gunia la vumbi la makaa, lile tunalochukua kwa akina mama wauza makaa wa Kibera, ng'ambo ya ukuta. Hupangusi, maana kupangusa ni kupaka. Unamwaga sabuni, unasuuza, unanyunyiza vumbi linyonye, halafu unamwachia Mungu. Nilikuwa nimekasirika. Nilikuwa nimemwambia nyapara kwamba paipu ile imechoka, naye akasema itatufikisha Jumamosi.

Nikiwa nimepiga magoti, akaja mwenzetu anayemwagilia maji. Akavua kofia.

"Pole sana, siste."

"Asante. Ni kawaida."

Aliniangalia kidogo, akaondoka. Nikajiambia huyu leo ameamka na adabu, kwa sababu siku nyingine angenicheka mpaka akae chini.

Kisha fundi wa mashine.

"Pole, siste. Jikaze tu."

"Ah, si ilikuwa imezeeka? Tulijua tu siku moja itaenda. Utatuwekea ingine."

Fundi akainamisha kichwa, akaenda zake. Nilidhani anaona haya, kwani kuikagua paipu ilikuwa kazi yake. Nilifurahi kumwona hivyo.

Mwishowe akaja nyapara mwenyewe, pamoja na jirani yangu wa ploti tunayopanga huko Kabiro, ambaye tunafanya kazi naye na kwao ni karibu na kwetu kule Kakamega. Jirani alikuwa ameshika simu yake.

"Wacha hiyo," nyapara akasema. "Enda nyumbani."

Nikajua nimepokonywa mashine.

"Haijakufa nyasi hii," nikamwambia. "Nipe mpaka jioni, nitaiokoa. Usinifute kazi juu ya paipu."

Nyapara akamgeukia jirani. Jirani akachuchumaa karibu nami, kwenye maji ya sabuni.

"Si nyasi, siste. Brathe yako amekupigia akakukosa, ndio akanipigia mimi. Mathe ametuacha, huko hospitalini. Tulidhani umeambiwa."

Nilimsikia vizuri. Kila neno nililielewa. Nikangoja kitu kinipate, hakikunipata. Nilichowaza ni kwamba sabuni isiposuuzwa yote nayo inaunguza nyasi, na nilikuwa bado sijafika kwenye bendera. Nikachukua ndoo, nikaendelea kusuuza, nao watatu, nyapara, jirani na fundi aliyekuwa amerudi, wakasimama wakinitazama. Mikono ilifanya kazi vizuri tu.

Nyapara akakohoa. Akasema mambo ya Jumamosi niyasahau, naweza kwenda leo, hata sasa hivi.

Nikamuuliza niende kumwona nani.