Moyo wa Mama Useme Mara Ngapi

Safari ile ya kwenda kijijini kwa mama ilinigharimu siku tatu, pikipiki mbili na kiatu kimoja. Nimehesabu mara mbili: kimoja, cha kushoto, kilichomezwa na matope ya Masisi kabla hata sijaona msitu wa Walikale.

Kazi yangu ni kubuni emeteri, yaani vidude vya kurusha habari kwa mawimbi, vidogo kuliko punje ya mahindi, vinavyowekwa ndani ya mwili wa mgonjwa. Ni kazi ya kubishana bei: betri inataka kulala, daktari anataka habari, miye niko katikati. Kinachokula betri ni kusema, yaani kurusha habari. Ikiisha, mtu anapasuliwa tena ili ibadilishwe.

Mama yangu, mkulima wa Ntoto, huko Walikale, anacho kimoja chini ya mtulinga, ndani ya mashine inayousaidia moyo wake kupiga. Zamani alikuwa ananibipu kila asubuhi: simu inalia mara moja, inakatika, bure kabisa, maana yake yuko muzima. Kisha daktari akampa kiboksi cha kuweka kando ya kitanda, kipokee habari za moyo kila siku na kumpelekea yeye. Kesho yake bipu zikakoma. Nilivumilia asubuhi mbili. Ya tatu nikapanda pikipiki.

Nilimkuta anamenya mihogo.

"Mama! Mbona haunibipu tena?"

"Kile kidude si kinasema? Niseme tena miye, juu ya nini?"

"Kinasema na dokta, si na miye!"

"Sasa unavitengeneza vya nini?"

Nikamweleza kwamba kila habari inapunguza betri, na daktari anataka tuchague: kila siku, ao kila juma.

"Kila juma."

"Kila siku, Mama."

"Kila siku? Hata mulevi hasemi hivyo. Kila juma mbili."

"Mama, unazidi kushuka!"

"Weye ndo haujue soko."

Tangu nizaliwe sijawahi kumsihi mtu apandishe bei. Nikamwuliza kama anaogopa kisu. Aliendelea kumenya.

"Siku walinipasua, miye nilinenepa na supu ya kuku. Weye ndo ulikonda. Sitaki ukonde tena."

Tulivutana mpaka tukakwama: miye kwenye kila siku tatu, yeye kwenye kila juma. Moyo ukipotea njia leo, siku saba ni nyingi. Ukisema mno, kisu kinakaribia. Hesabu ya betri naijua. Ya mama yangu inanishinda, na daktari anangoja jibu Jumatatu. Wewe unayesoma, kama kwenu kuna mzazi mwenye mashine kama hiyo, mlipatana iseme mara ngapi? Tafadhali, niambie.