Barua Niliyoipunguza Ukali

Nilisomea Kiingereza chuoni Njoro kwa miaka minne, na hakuna mtihani nilioufurahia kama ule wa kupanga maneno ya hisia kwa uzito wake. "Annoyed" ni kero ya mtu aliyekanyagwa kidole. "Upset" ni moyo uliovurugika. "Disappointed" ni huzuni ya aliyetarajia jambo akalikosa. "Outraged" ni hasira ya aliyeona haki ikivunjwa mbele ya macho yake. Nilipata alama za juu. Nayasema haya mapema ili isidhaniwe baadaye kwamba sikujua nilichokuwa nikifanya.

Jirani yetu wa Subukia alikuwa amefiwa na mumewe. Alikuwa amempeleka zahanati asubuhi, mzee amepooza upande mmoja, wakaambiwa wasubiri. Walisubiri kwenye benchi hadi saa nane mchana, huku wahudumu wakipita na vikombe vyao vya chai. Alipokwenda dirishani kuuliza kwa mara ya nne, mmoja wao alimwambia aache kelele. Aliporudi kwenye benchi, mumewe alikuwa ameshakata roho.

Hakutaka fidia. Alitaka mtu mmoja kutoka kule aje nyumbani kwake, aketi, aseme, "Tulikosea." Wiki mbili baada ya mazishi aliniita nimwandikie barua. Nilimkuta jikoni akimenya viazi vya waru, nikavuta stuli nikaweka karatasi juu yake.

"Andika nilikasirika mpaka mikono ikatetemeka," alisema.

"Mama, kwa Kiingereza hiyo itatoka kali sana."

"Kwani yenyewe ilikuwa tamu?"

Nilicheka. Nikamweleza kwamba wakubwa wa ofisi hawamsikilizi mtu anayefoka.

"Haya, mwalimu. Wewe ndiye umesoma. Lakini usinitilie sukari."

Nikaandika "outraged", nikaifuta. Nikaandika "upset", nikaifuta pia. Mwishowe nikaandika kwamba alikuwa "rather disappointed", yaani amevunjika moyo kidogo, na jinsi alivyohudumiwa. Niliiona ni sentensi safi. Nakumbuka hata nilijivunia utulivu wake, kana kwamba utulivu huo ulikuwa wangu kuugawa.

Jibu lilikuja baada ya mwezi mmoja, aya mbili fupi. Nilimsomea kwa Kiswahili: wanamshukuru kwa maoni yake, na wanasikitika kwamba huduma haikumridhisha.

"Haikuniridhisha?" Aliweka kisu chini. "Kwani nilienda kununua sufuria?"

Nikaikunja ile barua.

"Uliwaambia vile nilikuambia?"

"Karibu yote, Mama."

"Karibu," alirudia, akaokota kisu chake.

Nilitamani kuwalaumu wale wa zahanati peke yao, na lawama wanayo. Lakini walikuwa wamejibu barua waliyoipokea. Mimi ndiye niliyemgeuza mjane kuwa mteja.

Miezi mitatu ilipita kabla sijathubutu kurudi na barua nyingine. Ndani yake mlikuwa na benchi, vikombe vya chai, yale maneno ya kumnyamazisha, na mikono iliyotetemeka. Kwanza nilikiri nilichofanya mara ya kwanza. Kisha nikamsomea mpya mstari kwa mstari. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono imetulia mapajani.

"Hivyo ndivyo ilikuwa," alisema. "Sasa usiitume."

"Kwa nini, Mama?"

"Siku hiyo mikono ilikuwa inatetemeka. Saa hii haitetemeki. Niko tu. Nikiambia watu nimewaka na siwaki, si ni uwongo?"

Nikamwambia kwamba haki yake bado ipo, kwamba hasira si lazima iwe moto ndipo iwe ya kweli. Niliongea kwa muda, kwa maneno mazuri. Alinisubiri nimalize.

"Ungeandika ile siku nilikuambia, kijana wangu."

Akainuka kuchochea moto, akabandika chai. Ile "niko tu" ina maneno yake kwa Kiingereza, matano au sita, na ninajua yanavyotofautiana. Sikuthubutu kumchagulia hata moja.