Chachu Nyumbani kwa Nyundo

Mwokaji huyu walimwita Nyundo, na jina hilo hakulipata kwa kupigilia misumari. Alilipata siku aliyomvunja taya mpakiaji wa unga kwa ngumi moja, moja tu, na mwenye taya akanywa uji kwa mrija miezi miwili. Ugomvi ulianzia wapi? Kwenye magunia yaliyopangwa vibaya. Jamani, magunia! Mikono ile ilikuwa ikikanda unga tangu ana miaka kumi na tisa, madonge ya kilo ishirini, kukunja, kusukuma, kugeuza na kubamiza mezani, na kila alipokasirika, watu aliwafanya vivyo hivyo.

Nyumbani mambo hayakuwa tofauti, na mimi nalisema wazi kwa sababu majirani walilinong'ona tu miaka nenda miaka rudi. Alimpiga mkewe. Mara ya kwanza kofi, mara ya pili mkanda. Mara ya tatu alimvunja kifundo cha mkono, na mke akamwambia daktari kwamba ameteleza bafuni. Daktari akaandika bafuni. Bafu la watu lilisingiziwa mengi.

Wakati huo Nyundo alikuwa tayari ameokoka. Alikuwa akisali na kikundi kidogo kilichokutana kwenye chumba cha kupanga nyuma ya duka la cherehani, watu thelathini hivi, wanaoshika siku zilizoandikwa katika Biblia: Pasaka, Mikate Isiyotiwa Chachu, Pentekoste, Vibanda. Kiongozi wao walimwita Mwalimu, mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mwalimu alipouona mkono wa yule mama ndani ya plasta, bafu halikumdanganya. Aliwaita wote wawili akawakalisha. Nyundo alilia machozi, akaapa. Mke hakulia. Alisema maneno machache tu: "Akinipiga tena, naondoka. Na nikiondoka sirudi."

Tangu siku hiyo ulipita mwaka mzima na miezi miwili. Nyundo alizihesabu siku zile, maana alimpenda mkewe kweli, na alijua yule mwanamke hana maneno mawili.

Sasa sikukuu ya Mikate Isiyotiwa Chachu ikakaribia. Siku saba, chachu isionekane ndani ya nyumba, hata punje. Kwa watu wengine ni kazi ya asubuhi moja: unafagia, unatupa nusu mkate, umemaliza. Lakini huyu ni mwokaji, bwana! Hamira ilikuwa kwenye mishono ya suruali yake, kwenye kucha, kwenye nywele za masikioni. Tena alijua jambo ambalo wenzake wa kikundini hawakulijua: unga na maji matupu, ukiviacha siku tatu bila kutia chochote, vitaumuka vyenyewe. Chachu iko hewani. Mtu anayejua hivyo atafagia mpaka lini?

Aliomba likizo ya wiki kwenye kiwanda cha mikate alichofanyia kazi. Mchomaji, yule anayesimama mdomoni mwa tanuri, akamcheka. "Kaka, siku hizo si za Wayahudi? Wewe umetahiriwa mwaka huu?"

Nyundo akamgeuzia mgongo. Alipokwenda kuvaa koti lake aondoke, akatia mkono mfukoni, na mkono ukatoka na hamira. Mfuko mzima umejazwa! Nyuma yake watu wakaangua kicheko.

Nyundo aligeuka. Alimshika mchomaji shingoni kwa mkono mmoja, akamkokota hadi kwenye beseni la kukandia, akambamiza uso kwenye ukingo. Mara ya kwanza pua ikavunjika. Mara ya pili damu ikaingia kwenye unga wa watu. Trei zilianguka, wanaume wanne wakamrukia, na ilibidi mmoja amtie kabari ndipo aachie. Mchomaji alikuwa chini akitema meno na kuita mama yake.

Unadhani Nyundo alijuta? Alitembea kwenda nyumbani kifua mbele, akijiambia kwamba hata Yesu alipindua meza hekaluni. Nyani haoni kundule.

Akaanza kusafisha. Alivuta kabati mpaka mguu wa kabati ukavunjika. Godoro alilitoa uani akalichapa kwa fimbo kama mwizi, kila pigo na pumzi, huku mkewe akimtazama dirishani bila kupepesa, kwa sababu mlio ule aliujua. Akasugua meza, akasugua sakafu, kisha akaanza kujisugua mikono kwa brashi ya waya na magadi mpaka ngozi ikachubuka.

"Mume wangu, inatosha," mke akasema.

"Haitoshi. Bado inanuka."

Mama mkwe alikuwa amelazwa chumba cha pili. Alikuwa ameanguka akavunjika nyonga, na walikuwa wanamuuguza kwao. Mwili ulikuwa mgonjwa lakini ulimi ulikuwa mzima. "Mwanangu," akamwita, "mimi nimebatizwa kabla hujazaliwa. Yesu alimaliza kazi hiyo. Utajichuna ngozi kutafuta nini?"

"Mama, ni agizo la milele. Milele haijaisha."

"Haya baba. Lakini dawa zangu hazishuki na mkate wako huo mgumu. Ni kama kula ubao."

"Ni siku saba tu, Mama. Vumilia."

Siku ya kwanza ikapita, na ya pili. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, mke alikuwa jikoni akikanda unga mtupu wa mikate bapa. Nyundo alikuwa sebuleni anasoma. Ghafla akainua pua. Pua ya mwokaji haidanganyiki: mkate. Mkate ulioumuka, wa jana, wa kiwanda kingine tena.

Akafuata harufu. Kabatini hakuna. Chini ya kochi hakuna. Ikampeleka mpaka chumba cha mama mkwe, mpaka kitandani, mpaka kwenye mto.

"Mama, inua kichwa."

"Nimelala, mwanangu."

"Nimesema inua kichwa!"

Loo! Mkwe kumpigia mkwe kelele! Lakini hakuishia hapo. Aliung'oa mto, na pale, ndani ya kitambaa, palikuwa na nusu mkate umemegwamegwa vipande vidogo, kila kimoja cha kumezea kidonge. Mama mkwe akanyoosha mkono kuukinga. Nyundo akauvuta, bibi akauvuta naye, na katika kuvutana mwanamke wa miaka sabini na minne akaanguka kutoka kitandani juu ya ile nyonga. Alipiga yowe moja lililofika barabarani.

Mke akaingia mbio, unga umemjaa mikononi. Akasimama kati yao. "Mimi ndiye niliyemletea! Dawa zilikuwa zinamtapisha. Mimi!"

Nyundo akampiga. Sitalipamba. Alimpiga ngumi ya sikio, ngumi ile ile ya mpakiaji, naye akarushwa akagonga paji la uso kwenye pembe ya meza. Akainuka. Nyundo akampiga tena, tumboni, mke akakunjika. Damu ilimtoka sikioni ikateremka shingoni, na yeye hakulia wala hakuomba. Alikuwa akimtazama tu.

Na Nyundo akafanya nini? Aliokota vipande vya mkate. Aliviokota kimoja kimoja, akiwa amepiga magoti kando ya mama mkwe anayeugulia, akahesabu mpaka cha mwisho, akatoka navyo uani kuviteketeza. Alimwaga mafuta ya taa, akawasha, akasimama hapo mpaka vikawa majivu, akayakoroga majivu kwa kijiti asije akakosea. Aliporudi ndani nyumba ilikuwa kimya. Mke alikuwa amemwita jirani mwenye mkokoteni, wakamlaza mama mkokotenini, wakaenda. Viatu vya mke vilikuwa mlangoni. Begi lilikuwa juu ya kabati. Unga ulikuwa bado jikoni, na alama za vidole juu yake.

Alikwenda mbio kwa Mwalimu. Aligonga mlango kama polisi.

"Chachu ilionekana nyumbani kwangu," akasema, anahema. "Lakini nimeitoa, Mwalimu. Nimeichoma yote."

Mwalimu akalitazama shati lake. "Hiyo damu ya nani?"

"Walinificha! Ndani ya nyumba yangu!"

"Nimekuuliza damu ya nani."

Nyundo akasema, akamtaja mkewe, Mama na hata mchomaji. Mwalimu akakaa kitini polepole, akavua miwani. "Mimi ndiye niliyekufundisha," akasema, "na nimekufundisha vibaya. Nilikuonyesha sakafu, ukaishia sakafuni. Paulo aliwaandikia watu wake washike sikukuu bila chachu ya uovu. Uovu, bwana! Mkate umeuchoma, na uovu umekuja nao hapa umeuvaa. Sasa sikiliza. Sura hiyo hiyo inamalizika kwa kusema mtu mbaya aondolewe katikati ya wenzake. Siku ya saba usije mkutanoni."

"Mimi? Mimi ambaye sijaonja hata punje?"

Akamkamata mzee shingoni, akamwinua na kiti chake, akambana ukutani. Miwani ikaanguka ikapasuka chini ya kiatu. Mwalimu hakujitetea. Alisema kwa sauti iliyobanwa: "Piga. Mchomaji umempiga, mkeo umempiga, mkweo umemwangusha. Nipige na mimi umalize sikukuu."

Ngumi ilikuwa imeshainuliwa. Kisha mikono yenyewe ikamwachia mzee. Nyundo akatoka, akakaa kwenye ukingo wa barabara akalia kwa sauti, watu wanapita. Aliona aibu, na aliogopa, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mtu wa kumkasirikia.

Siku tatu hakula chochote. Siku ya saba, wakati wenzake wanaimba nyuma ya duka la cherehani, yeye alikwenda kwa shemeji yake, kaka wa mkewe, mchomeleaji vyuma. Aligonga geti. Shemeji akafungua, akamwona, akarudi ndani hatua mbili, akatoka na nondo.

Pigo la kwanza lilishuka begani, na mfupa ukasikika. La pili mgongoni. Nyundo akaanguka magotini, na mikono ile, mikono iliyovunja taya za watu, ikabaki chini kwenye vumbi. Hakuiinua.

"Inuka unipige! Si wewe bingwa? Inuka, mshenzi!"

"Muache, kaka." Ilikuwa sauti ya mkewe. Alisimama nyuma ya geti, nyuzi kwenye paji la uso, pamba sikioni. Sikio hilo halikusikia tena, na ilibidi ageuze kichwa ili amsikie. "Muache. Usiwe kama yeye."

Nyundo akasema yote. Hakutaja bafu. Alisema nimekupiga, nimemwangusha Mama, nimekuharibia sikio, kisha nikaokota mkate badala ya kukuokota wewe. Alisema kwa sauti, majirani wamejaa vizingitini wanasikiliza. "Rudi nyumbani," akasema. "Nisamehe, urudi."

"Nimekusamehe," mke akasema. "Sirudi."

"Leo ni siku ya mwisho ya sikukuu, mke wangu. Siku ya saba."

"Najua. Nimeishika." Akasogea karibu na vyuma vya geti. "Siku ile nilitoka na unga mikononi. Sikuchukua kiatu wala nguo. Nilifika hapa umenikaukia kwenye vidole, nikakaa nao nautazama. Wale watu walivyotoka Misri, unga haukupata hata nafasi ya kuumuka. Walikuwa wanakimbia. Miaka kumi na mmoja nimekaa nawe, na hizi siku nne ndizo za kwanza nimelala bila kusikiliza hatua zako. Sikukuu hii nimeielewa sasa."

Kutoka ndani, mama mkwe, ambaye hatasimama tena kwa miguu yake, akapaza sauti: "Mwambie kwamba Farao naye aliwafuata nyuma, akitaka warudi! Mwambie!"

Nyundo aliinua uso. Kila mwaka alikuwa ameisoma habari ile kwa sauti mbele ya kikundi, akijihesabu miongoni mwa waliovuka. Akarudi nyuma kwa magoti, akaliacha geti. Mke akalisukuma geti, akatia komeo.