Eda ya Siku Tatu

Ilikuwa saa nne kasorobo asubuhi, Jumatatu, mama wa Kizungu alipowaambia wanafunzi wake wafungue somo la nane. Somo la nane walikuwa wamelisoma Ijumaa. Wanafunzi wenyewe walikuwa wanawake watu wazima, wauza mboga na watumishi wa majumbani, waliokuja kwenye ukumbi wa kanisa hapa Tudor kujifunza kusoma ukubwani. Mimi nilikuwa nyuma ya ukumbi nikifunga pazia lililoanguka, nikangoja mmoja wao aseme kitu. Hakuna aliyesema. Walifungua vitabu, wakasoma somo lile lile kwa sauti, wakakwama makusudi pale pale walipokwama Ijumaa ili mama apate cha kusahihisha.

Walipotoka nilimsimamisha mmoja, muuza mchicha mwenye ulimi mkali.

"Mbona hamkumwambia?"

"Tumwambie nini? Amesahau, hakuua mtu."

"Na kesho akirudia tena?"

"Tutasoma tena. Na wewe uliyesimama pale kama nguzo, mbona hukusema?"

Mimi ni dereva. Shule niliiacha darasa la saba, kwetu upande wa Rabai, na yaliyobaki nimejifunza mwenyewe kwa vitabu vikuukuu vinavyotandazwa kando ya barabara. Kanisa lilikuwa limeniajiri kwa mwaka na zaidi kuwaendesha wazee wawili, mume na mke, waliokuja kujitolea kutoka nchi ya baridi baada ya kustaafu. Mzee alikuwa fundi wa mabomba; hapa alitengeneza matangi na vyoo vya shule za kanisa. Mkewe alikuwa amefundisha watoto maisha yake yote. Walikuwa wamebakisha miezi mitano.

Jumanne nilimpeleka mzee Liwatoni, kwa mchomeleaji anayetengeneza vyuma vya mashua, ambaye pia alikuwa akitutengenezea kiguu cha kusimamishia tangi. Tukangoja garini. Mzee alikuwa akizungumza Kiswahili kwa shida na kwa bidii, lakini siku hiyo alitumia lugha yake, ambayo naielewa.

"Jana uliona," alisema.

"Niliona."

Akaniambia yote kwa utaratibu, kama anayeeleza bomba limevujia wapi. Alijua tangu mwaka uliopita. Watoto wao walishapanga: kule kwao kuna makao ya wazee yenye upande unaofungwa kwa ufunguo, kwa wale waliopoteza kumbukumbu. Mama angewekwa huko. Yeye, kwa kuwa ana akili zake, asingeruhusiwa kulala naye. Angemtembelea kwa saa walizopanga wenye makao.

"Hapa analala mkono wangu ukiwa juu yake," alisema. "Kule nitamwona kuanzia saa nane hadi saa kumi, kama mgonjwa wa hospitali."

Ofisi kuu ya kanisa ikijua, wangerudishwa kwao wiki hiyo hiyo. Alichotaka ni ile miezi mitano. Nikamwambia kuwa mimi ni dereva, na hakuna anayemuuliza dereva kitu. Akashuka kwenda kupima kile kiguu cha tangi, ingawa kilikuwa bado cha moto.

Swali langu lilikuwa hili: watu wengi vile mjini, mbona hawakuona? Jibu nililipata Jumatano. Nilimpeleka mama kwa mwenye nyumba wao, Mhindi Mwislamu mwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na Kibokoni, kununua boya la tangi, lile la kufunga maji yakijaa. Mama alivaa gauni refu na kujitanda kanga kichwani, kama alivyofanya kila alipoingia Mji wa Kale.

"Sabalkheri, bwana," alianza yeye.

"Sabalkheri, mama. U hali gani?"

"Njema, alhamdulillahi. Wa nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, wakuuliza wewe."

"Na afya yako?"

"Twamshukuru Mungu."

Mwenye nyumba akanigeukia akicheka. "Dereva, wasikia? Wewe mzaliwa wa hapo Rabai, ukiingia humu waniambia 'vipi'. Vipi ndiyo salamu? Kaa na mama akufunze adabu." Kisha akamuuliza mama, "Mzee leo yuko wapi?"

"Njema, alhamdulillahi," mama akajibu.

Mwenye nyumba alicheka zaidi, akidhani ni mzaha. Mimi sikucheka. Salamu za Mombasa ni ndefu, kila neno lina jibu lake, na aliyezishika anaweza kutembea mji mzima bila kutoa neno la kwake. Mama alizishika. Nyuma ya salamu hizo sikujua tena kilichobaki, na kila aliyemsifu kwa Kiswahili chake alikuwa akimsaidia kujificha bila kujua.

Alhamisi tulikwenda wote watatu. Boya lilikuwa si la kipimo chake. Mzee akaingia dukani, mama akabaki garini nami. Njia ile ni nyembamba. Tuktuk mbili zilikuja nyuma yangu zikipiga honi, na mbele palikuwa na mkokoteni wa maji umeziba. Nikashuka kumsaidia mwenye mkokoteni kuusukuma kando. Niliporudi mlango wa nyuma ulikuwa wazi na kiti ni kitupu.

Nilimwita mzee kutoka dukani. Mwanzoni hatukukimbia. Tuligawana vichochoro. Kwenye kila baraza niliuliza, na kila baraza walinijibu kwa upole kwamba hajapita mzungu. Nilipokutana tena na mzee nilimwambia twende polisi.

"Polisi watapiga simu kanisani," alisema.

"Mzee, jua ni kali na yeye hana maji."

"Nusu saa tu. Nipe nusu saa."

Nilimpa, na ilipokwisha akaomba nyingine. Tulifika mpaka bandari ya zamani. Pale alisimama kwenye ukingo akatazama majini, chini kabisa, kwa makini, kama alivyozoea kutazama ndani ya tangi. Tuliporudi juu alikuwa akitembea akishika kuta.

Katika kichochoro kimoja palikuwa na msiba. Maiti ilikuwa imetoka kwenda kuzikwa baada ya sala ya adhuhuri, na wanaume waliorudi kutoka makaburini walikuwa wameketi kwenye mikeka na viti nje ya nyumba. Wanawake wenye mabuibui walikuwa wakiingia kwa mlango wa pembeni. Niliinama kwa mwanamume aliyekuwa karibu na mlango.

"Asalaam aleikum. Poleni kwa msiba."

"Tushapoa."

"Samahani, twamtafuta mama mmoja wa Kizungu."

"Bwana, hapa pametoka maiti sasa hivi. Mzungu aje kutafuta nini?"

Mwenziwe akadakia, "Mtazame Ngomeni. Wazungu wote huwa huko wakipiga picha."

Ningeweza kuomba atumwe mtu ndani akaangalie. Lakini kufanya hivyo kwenye msiba ni utovu wa heshima, nami niliomba radhi nikaondoka.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama tulipopita hapo mara nyingine, kwa kuwa hatukuwa na njia mpya ya kupita. Mlango wa pembeni ulifunguka, akatoka mwanamke mzee, akawauliza wale wanaume kwa sauti ya chini:

"Huyu mjane wa Kizungu yuwangoja nani? Hana jamaa wa kumrudisha kwake?"

Mzee alilijua neno mjane. Alikuwa amelisoma kwenye Biblia ya Kiswahili.

Yule bibi alitueleza akiwa amesimama mlangoni. Mama aliingia pamoja na kundi la wanawake, akavua viatu, akasalimia mmoja mmoja, akasema poleni, akaketi. Hakuna aliyemuuliza yeye ni nani. Anayekuja msibani haulizwi. Walidhani aliwahi kumfundisha mmoja wa watoto wa nyumba ile. Aliketi karibu na mfiwa, mke wa marehemu, akamshika mkono. Walimpa kahawa na wali, akala. Baadaye akauliza aliyekufa ni nani, wakamwambia ni mume. Hapo akaanza kulia.

"Alilia, baba, hata sisi tuliokuwa tushanyamaza tukaanza upya," bibi alisema. "Tukamuuliza, mama, kwani na wewe umefiwa? Akasema mume wangu amezikwa leo. Tukasema, basi mtu huyu naye ana msiba wake, Mungu amemleta kwa wenziwe."

Kisha wakubwa wa nyumba walimfundisha mfiwa mambo ya eda: atakaa ndani, hatatoka, hataonwa na mwanamume asiye wa damu yake, mpaka siku zake, miezi minne na siku kumi, zitimie. Mama alikuwa ameshika mkono ule ule, akisikiliza.

"Mume wake ni huyu," nilimwambia bibi.

Alimtazama mzee kuanzia kichwani mpaka viatuni vilivyojaa vumbi. "Ya Rabi," alisema, akaingia ndani kumtoa.

Mama alitoka kwa hatua ndogo ndogo. Mzee akamwita kwa jina lake, akanyoosha mikono. Mama akavuta kanga mpaka usoni.

"Masalkheri, bwana," alisema, kwa Kiswahili safi. "Ahsante kwa kuja. Poleni na msiba."

Bibi alikubali kufuatana nasi mpaka Tudor, kwa sababu mama hakutaka kukaa kiti kimoja na mwanamume. Tulipofika alikwenda moja kwa moja chumbani akafunga kwa ndani. Mzee alibisha, akamwambia kwa lugha yao kwamba ni yeye. Jibu lilikuja kwa Kiswahili: "Mwenye nyumba hii amekufa." Mzee akatandika mkeka ukumbini, nje ya mlango wa chumba chake.

Ijumaa hali haikubadilika. Muuza mchicha na mke wangu walikuwa wakiingia kumpelekea chakula, naye aliwapokea vizuri, akawauliza afya zao na za watoto. Kila mzee alipoonekana mlangoni aligeukia ukuta. Hakumkasirikia. Alikuwa na heshima kabisa, na nadhani heshima ile ndiyo iliyokuwa ngumu kuvumilia. Mzee alileta picha ya arusi yao, akaipitisha chini ya mlango. Baadaye muuza mchicha alitoka akasema mama ameiweka juu ya mto na anaililia.

Baada ya sala ya Ijumaa alikuja mwenye nyumba na papai mbili na ndizi. Alivua viatu, akaketi na mzee.

"Nyumba ile ya msiba ni jamaa za mke wangu," alisema. "Nimewaambia, nao wameelewa. Hakuna atakayesema kitu. Kanisa lako halitasikia kwetu. Kaeni hata mwaka."

Nilimtafsiria mzee, ingawa nadhani alielewa. Alimshukuru, akamenya papai, akalikata vipande vidogo sana, akamtuma mke wangu alipeleke chumbani.

Jumamosi asubuhi mzee aliniita. Alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa shati safi. Akapiga simu ofisi kuu mbele yangu na kulitaja lile neno, jina la ugonjwa. Siku zote hizo hakuwahi kulitaja. Waliomsikiliza walikuwa wema. Niliwasikia wakisema pole, na kwamba kuna nafasi ndegeni kesho. Alipokata simu nilimuuliza kwa nini, wakati kila mtu ameshakubali kumfichia.

"Nilimficha ili niwe naye," alisema. "Sasa nipo naye wapi?"

Jumapili tatizo likawa moja tu: mama hakutaka kutoka. Mwenye eda hatoki. Mzee alikuwa tayari kuvunja mlango, na daktari mmoja wa kanisa alisema kwa simu achomwe sindano ya usingizi. Niliomba muda nikaenda Kibokoni kumtafuta yule bibi.

"Eda ya siku tatu sijapata kuisikia," aliniambia. "Na mume mwenyewe yu hai, kwa hiyo hana eda yoyote. Nitamwambia nini?"

"Sijui, bibi. Ndege ni saa kumi."

Akaagiza aletewe udi na chetezo. Garini aliniambia, "Nitamwambia imekwisha. Hesabu ya kweli anayo Mungu."

Alibisha, akafunguliwa. Walikaa humo ndani karibu saa nzima. Tulisikia maji yakimwagika bafuni, kisha harufu ya udi ikatoka chini ya mlango. Mama alipotoka alikuwa na gauni lake la bluu, nywele zimechanwa, macho makavu. Bibi alimshika mkono, akasema kwa sauti ili sote tusikie, "Siku zake zimetimia. Aweza kutoka."

Njiani kwenda uwanja wa ndege wanawake wawili walikaa nyuma na mzee akakaa mbele nami. Kwenye daraja la Makupa mama alimuuliza bibi, kwa Kiswahili, yule bwana wa mbele ni nani. Bibi akamjibu kwamba ni mtu mwema, atamsindikiza mpaka kwao. Mzee alikuwa akitazama barabara. Uwanjani alibeba mikoba yote miwili, akatembea hatua moja nyuma yake, kwa kuwa alipomkaribia zaidi mama alikuwa akisimama ili apite.

Mzee alikuwa amelipa kodi ya ile miezi mitano yote kwa mara moja, ili mtu wa kanisa asiwe na sababu ya kuja kuulizia nyumba. Jumatatu mwenye nyumba aliniita dukani. Alisema mwezi ulioanza anauchukua, biashara ni biashara, lakini kodi ya minne iliyobaki hawezi kuila. Nilimpigia mzee. Alinitaka nirudie kiasi, akapiga hesabu, kisha akasema fedha hizo zitalipia siku sita za chumba cha mama kule. Nikampelekea zote kupitia benki: shilingi laki moja na elfu themanini.