Damu Iliyonifanya Mwali Kabla ya Wakati

Hata leo naikumbuka siku waliyoniweka ndani, mwanangu, maana nilikuwa na kombeo mkononi na sikuelewa nimekosa nini. Nilikuwa nimetoka kuamia ndege kwenye majaruba ya mpunga kule kwetu Zombo, maji ya magoti tangu asubuhi. Nikachutama nyuma ya nyumba kukojoa, na Bibi yangu, mama yake baba, akaona damu kwenye mchanga. Akapiga kigelegele. Nilikuwa darasa la nne, kifua bado sawa na cha kaka zangu, lakini kwa Bibi damu ile ilimtosha.

Nikueleze kidogo, maana ninyi wa siku hizi mambo haya mnayasikia juujuu. Kwetu msichana akivunja ungo aliwekwa ndani. Ndiyo mwali huyo. Haonwi na wanaume, anafundwa na kungwi, na siku ya kutolewa anachezewa ngoma. Akitoka, mara nyingi mchumba ameshapatikana, na shule ndiyo basi tena. Bibi hakuwa mtu mbaya, usimfikirie vibaya. Alinipenda sana na aliona ananifanyia sherehe. Mimi nililia mpaka macho yakavimba, kwa sababu ya shule, na kwa sababu nilisikia jina la mwanamume mmoja wa Ulaya, kijiji cha huku huku kwetu, si Uzunguni, likitajwatajwa ukumbini.

Kaka zangu nao walikuwa wakikojoa damu. Wao walishangiliwa tu kwamba wamekuwa wanaume, wakaenda zao kuogelea. Hakuna aliyejiuliza inakuwaje watoto wa kijiji kizima wakue kwa kukojoa.

Kungwi aliyeletwa kunifunda alikuwa Bi Mwajuma, mjane jirani yetu, mwanamke mwenye maswali kuliko mtoto. Alipoingia nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaketi, na badala ya kuanza mafunzo akaniuliza:

"Hiyo damu unaiona wakati gani?"

"Nikikojoa. Mwishoni mwishoni."

"Na ukiwa umekaa tu hivi?"

"Haipo."

"Unaumwa?"

"Panachoma, Bi."

Akakitazama kitambaa nilichofungwa kuzuia damu, kikavu na kisafi. Akamwita Bibi. "Mama, huyu hajavunja ungo. Umemfungia ndani mtoto mgonjwa."

Bibi akawaka. "Nimelea mabinti wote wa nyumba hii, leo unifundishe wewe? Nani amekupa udaktari?"

"Marehemu mume wangu," akasema Bi Mwajuma. "Alianza hivihivi tangu utoto, akaishia hospitali wakisema ana saratani ya kibofu. Sijawahi kuelewa damu ile na saratani ile vilikutania wapi. Nataka kujua. Nipe huyu mtoto nikaulize."

Bibi alikataa, akasema mwali hatolewi kabla ya siku yake. Walibishana mpaka ugali ukapoa. Mwishowe Bibi akakubali kwa sharti nifunikwe gubigubi nisionekane, na ndivyo nilivyopanda lori la mahindi kwenda Kilosa, nimefungwa khanga mbili nikichungulia kwenye upenyo mdogo. Wapiga debe walidhani ni bibi harusi anatoroshwa. Bi Mwajuma aliwajibu kwa maneno ambayo kungwi hafundishi.

Hospitalini niliambiwa nikojoe kwenye kichupa. Baadaye kijana wa maabara, aliyeona nilivyokodoa macho, akaniita nitazame kwenye hadubini. Mwanangu, niliona yai. Yai dogo refu, na kwenye ncha yake lina mwiba. Nikatoa khanga kichwani nione vizuri, mwali gani tena hapo! Nikauliza limeingiaje tumboni kwangu wakati sijala yai lolote.

Daktari akatueleza taratibu. Kichocho. Mtu mwenye ugonjwa akikojoa majini, mayai yanaanguliwa, vijidudu vinaingia kwa konokono wa mfereji, vinazaliana humo, vinatoka na kuogelea. Ukisimama jarubani vinapenya kwenye ngozi bila kukuomba ruhusa. Vinakua kuwa minyoo, inakaa kwenye mishipa ya damu karibu na kibofu na kutaga kila siku. Mayai yanapasua njia kwa miiba yao ili yatoke na mkojo, ndiyo ile damu. Mengine yanakwama kwenye ukuta wa kibofu, mwili unapigana nayo, kidonda juu ya kidonda, kovu juu ya kovu. Si wote, akasema, lakini mtu akiachwa hivyo miaka mingi, mahali palepale panapochubuka na kujijenga upya panaweza kuota saratani.

Bi Mwajuma hakutosheka. Akauliza kama ni mdudu huyu tu mwenye tabia hiyo. Daktari akacheka, nadhani alifurahi kuulizwa. Akasema nchi za mbali za Asia kuna jamaa zake, minyoo bapa ya ini. Hao hawapenyi ngozi, wanaliwa ndani ya samaki wabichi wa mitoni na kwenda kukaa kwenye mirija ya nyongo ndani ya ini. Wanaichubua miaka na miaka bila mtu kuhisi kitu, na kwa baadhi ya watu mirija hiyo huishia kwenye saratani.

"Kwani huko kuni za kupikia samaki hakuna?" akauliza Bi Mwajuma.

Nilipewa vidonge vichungu, nikavimeza na chai. Kisha Bi Mwajuma akauliza swali alilokuwa amelibeba kutoka Zombo.

"Daktari, mume wangu angemeza hivi alipokuwa kijana, angekuwepo?"

Daktari alimwangalia. "Huenda angekuwepo, mama. Kuapa siwezi, ila huenda."

Tukapanda gari kurudi. Tulipokaribia nyumbani akasema, kama anajisemea, "Nimezifua nguo zake zenye damu ujana wangu wote. Nikidhani ni kazi nzito inamtoa damu." Nikamshika mkono. Nilikuwa mtoto, sikujua kingine cha kufanya, na mpaka leo nikiukumbuka mkono ule machozi yananilenga.

Bibi alisikiliza habari yote akiwa amesimama mlangoni. Hakuomba radhi, hakuwa mtu wa hivyo. Alikwenda kuwaita kaka zangu, akawaambia, "Kesho na ninyi mnakwenda kwenye hicho kichupa." Mimi nikarudi shule. Yule bwana wa Ulaya nasikia alioa kwingine, kijiji cha Munisagara.

Sasa naishi Mikumi, barabarani, nauza chakula kwa madereva, na bado nawasikia vijana wakichekeana kuhusu damu ya mkojo. Mwanangu, damu kwenye mkojo si ukubwa, si uanaume, si uchovu wa jembe. Ukiiona, nenda kapime, wewe mvulana na wewe msichana, hata kama haiumi. Wakileta dawa ya kichocho shuleni, kula kwanza, halafu meza, usiitupe vichakani. Choo kipo, usikojoe mferejini. Na wewe mtu mzima uliyekulia majarubani ukaacha, damu ikirudi uzeeni usiipe jina mwenyewe. Mpelekee daktari aitaje yeye, mapema, wakati bado kuna la kufanya. Tena usione haya kumuuliza uliyenaye nyumbani kama naye anaona damu. Haya imezika wengi hapa kwetu.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe mwili mzima, akuachie na wale uwapendao mkae pamoja mpaka mchokane.