Miguu ya Darasa la Mchana

Siku yangu ya kwanza kazini, Nyakabanda, mwaka wa tisini, diregiteri, yaani mkuu wa shule, alinikabidhi sanduku la chaki, jurnali ya darasa, yaani daftari la kuandalia masomo, na watoto sitini na wawili. "Madamu," akasema, "chaki ndiyo itaisha kwanza." Nikacheka. Nilijiona mwalimu kuliko walimu wote wa Kigali.

Ninyi vijana mna vitabu. Sisi kitabu kilikuwa kimoja, changu, kwa hiyo somo lote niliandika ubaoni, wao wakanakili. Tulifundisha zamu mbili: darasa moja asubuhi, jingine mchana. La asubuhi, watoto wa watu, watulivu. La mchana, yewe! Mwaka wa pili wakaanza kusugua viatu sakafuni. Nikigeukia ubao tu, kwaru kwaru kwaru. Nikigeuka, kimya, nyuso za malaika.

Nikaamua kinara ni Zaina, binti wa fundi cherehani, kwa kuwa alikuwa na mdomo mrefu. Wiki mbili nikampigisha magoti. Kelele haikupungua, nami nikaanza kuichukia kazi niliyoililia. Nikaandika barua ya kuacha.

Diregiteri akaisoma yote. "Barua iko nzuri. Ila niambie, katika somo moja unawapa mgongo muda gani?"

"Karibu wote, bwana diregiteri. Nitaandikaje bila kugeuka?"

"Andika kabla hujaingia. Watazame wiki moja. Ukishindwa, barua nitaipeleka mimi mwenyewe."

Nikaomba mafundi wa ujenzi mifuko mitupu ya simenti, nikaikung'uta, nikaipasua, nikaandika masomo nyumbani. Jumatatu nikatundika karatasi ya kwanza, nikasimama ubavu, fimbo ikionyesha maneno, jicho likiwa chini ya madawati. Wakadhani siwaoni. Kwaru kwaru. Miguu ilisugua karibu yote, hata ya mwanafunzi wangu mpenzi wa mstari wa mbele. Ya Zaina ilikuwa imetulia tuli.

Niliona aibu, jamani, mpaka masikio yakawaka moto. Wakati wetu mwalimu kumwomba mtoto msamaha lilikuwa jambo lisilosikika. Nikamwita mbele.

"Zaina, nilikuonea. Nisamehe."

Akanitazama bila woga. "Nimekusamehe, Madamu. Lakini magoti iko inauma bado."

Barua nikaenda kuichukua kwa diregiteri.

Utundu haukuisha, msidanganyike. Nilifundisha mpaka nikastaafu, na kila darasa lilikuwa na vituko vyake, lakini sikumpigisha tena mtoto magoti. Kazi niliipenda, na nilikuwa hodari, nasema wazi.

Baada ya mauaji ya tisini na nne, wengi wa darasa lile sikuwaona tena. Zaina pia. Namshukuru Mungu kwamba msamaha niliuomba siku ileile, mbele yao wote, sikungoja kesho.